CRP imepanda: nani hasa kaliamuru ini? Uzi wa STAT3, NF-κB na wenzao

Maabara_Usiku (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani haipiti wiki bila mtu kuleta majibu ya damu, CRP (C-reactive protein, protini ya damu inayopanda mwili ukipata maambukizi au jeraha) ina mshale wa juu, na swali ni lile lile: "Hii namba maana yake nini?" Majibu nayo yanamiminika: una bakteria, ini lako lina shida, kunywa maji mengi. Leo naomba tuiangalie hiyo namba kwa upande ambao hausemwi sana. CRP haitoki kwenye kidonda wala kwenye pafu linalouma. Inatengenezwa na ini. Kwa hiyo unachosoma kwenye karatasi ni taarifa ya kazi ya jeni moja ndani ya seli za ini, na jeni haijiwashi yenyewe. Zipo protini chache zinazoingia kwenye kiini cha seli, zinashika DNA, na kuamua jeni ipi inakiliwe kwa kasi na ipi ipunguziwe kasi. Ukishazijua hizo, karatasi ya maabara unaisoma kwa jicho jingine kabisa.

Historia kidogo tu. Mwaka 1930 William Tillett na Thomas Francis, wakiwa Taasisi ya Rockefeller kule New York, waliona seramu ya wagonjwa wa nimonia inagandamana na polisakaridi ya bakteria wa pneumokoka waliyoiita C. Mgonjwa akipona, tabia hiyo inapotea. Ndiyo CRP hiyo. Ilichukua zaidi ya miaka 50 kumjua mjumbe anayelipelekea ini habari. Watafiti wa ini walikuwa wanajua kuna kitu kinachotoka kwenye seli nyeupe, ila hawakuwa nacho mkononi. Mwaka 1986 kundi la Toshio Hirano na Tadamitsu Kishimoto, Japani, likapata jeni ya protini waliyokuwa wanaitafuta kwa sababu nyingine kabisa, ya kufanya seli B zitoe kingamwili. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba ndiye mjumbe yule yule wa ini: interlukini-6, yaani IL-6.

Sasa tuingie ndani.

Bakteria wakivamia, au tishu ikichanika kwa ajali au kwa kisu cha upasuaji, makrofaji (seli za ulinzi) za eneo hilo zinamwaga saitokini, yaani protini za kupelekeana ishara: TNF, IL-1 na IL-6. Zinafuata damu mpaka kwenye ini. Humo ndani kuna makrofaji wakazi, seli za Kupffer, zimekaa kwenye kuta za vimishipa vya ini, nazo zinaongeza za kwao.

IL-6 inatua kwenye kipokezi chake juu ya seli ya ini. Kipokezi kinakutanishwa na protini mbili zinazoitwa gp130, na kwa upande wa ndani kimeng'enya JAK1 kinabandika fosfeti kwenye mikia ya gp130. Hapo ndipo STAT3 inapopata kazi. Ilikuwa inaelea tu kwenye saitoplazimu. Inanasa kwenye ule mkia, nayo inabandikwa fosfeti mahali mahususi: tairosini iliyo nafasi ya 705 kati ya asidi amino 770. Fosfeti moja hiyo inatosha kuzifanya STAT3 mbili zishikane, ziingie kwenye kiini na kutafuta DNA yenye mpangilio wa TTC, herufi tatu zozote katikati, halafu GAA. Haifiki nusu saa tangu IL-6 iguse seli, STAT3 iko juu ya DNA. Watu wa ini walikuwa wanaiita APRF kabla ya mwaka 1994, jeni yake ilipopatikana na kundi la Kishimoto na lile la James Darnell, Marekani.

Njia ya pili ni NF-κB, iliyoelezwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore. Hii inaitikia TNF na IL-1. Inawekwa nje ya kiini na protini nyingine, IκB, iliyoishikilia. Ishara ikifika, IκB inatiwa alama, inapelekwa kusagwa, na NF-κB inaingia kwenye kiini. Ninachokipenda hapa ni kwamba miongoni mwa jeni za mwanzo kabisa ambazo NF-κB inaziwasha ni ya IκB yenyewe. Inaagiza pingu zake mwenyewe. STAT3 nayo hivyo hivyo: inawasha jeni ya SOCS3, na SOCS3 inakwenda kukaa pale pale kwenye gp130 na JAK kuizima ishara. Breki inatengenezwa pamoja na mwendo.

Ya tatu ni C/EBP-beta, na hii ina vituko. Ini likiwa limetulia, nduguye C/EBP-alfa ndiye anayetawala kazi za kila siku za sukari na mafuta. Inflamesheni, yaani mwitikio wa mwili kwa maambukizi au jeraha, ikianza, alfa inashuka, beta inapanda. Halafu RNA moja ya beta inatoa protini mbili: ndefu, LAP, inayowasha jeni, na fupi, LIP, isiyo na sehemu ya kuwashia. LIP inashika DNA mahali pale pale na kuziba nafasi. Uwiano wa hizo mbili ndio unaoamua.

Njoo sasa kwenye jeni ya CRP, kromosomu 1. Kwenye herufi 300 hivi kabla jeni haijaanza kuna mahali pa STAT3, mahali pa C/EBP-beta zaidi ya pamoja, mahali pa p50 ambayo ni ya ukoo wa NF-κB, na mahali pa HNF1, protini ya utambulisho wa seli za ini. IL-6 peke yake inaiwasha. IL-1 peke yake karibu haifanyi kitu. Zikija pamoja, matokeo yanazidi jumla yao. Ndiyo maana CRP inaweza kutoka chini ya 0.05 mg/L hadi juu ya 500, mara 10,000. Hakuna vipimo vingi vya damu vyenye mbio hizo.

Fibrinojeni, protini ya kugandisha damu ambayo pia inaisukuma ESR (kipimo cha kasi ya chembe nyekundu kutuama), ni habari nyingine: yenyewe inataka IL-6 tu, na IL-1 inaivuta nyuma. Wale mnaoshangaa kwa nini CRP na ESR hazikubaliani, anzieni hapo.

Karibuni. Swali lolote.

Mgeni_Hapa

Nimewahi siti ya mbele. Mkuu endelea kushusha, wengine tunasoma kimya kimya.

Kijana_wa_Baiolojia

Mkuu, heshima kwako. Swali langu: STAT3 ipo karibu kila seli ya mwili. gp130 pia ipo karibu kila mahali. NF-κB ndiyo usiseme. Sasa mbona ngozi haitoi CRP? DNA si ile ile?

Maabara_Usiku

> mbona ngozi haitoi CRP? DNA si ile ile?

Swali zuri sana hili, na watu wengi wanalipita.

Sehemu ya jibu ni kipokezi. gp130 iko kila mahali kweli, lakini kipokezi chenyewe cha IL-6 kinapatikana zaidi kwenye seli za ini na baadhi ya seli nyeupe. (Kuna kipokezi kinachoelea kwenye damu ambacho kinaziwezesha seli nyingine kusikia IL-6, tusifike huko, tutapotea.)

Sehemu kubwa zaidi ni HNF. Seli ya ini ina protini zake za utambulisho: HNF1-alfa, HNF4-alfa, FOXA na C/EBP-alfa. Hizi zimekaa kwenye DNA tangu ini linaundwa tumboni, na zimeifungua kromatini (DNA ilivyokunjwa pamoja na protini zake) mahali panapohusika. HNF4-alfa ni mwenye nyumba, STAT3 ni mgeni mwenye haraka: mgeni anaingia kwenye vyumba ambavyo mwenye nyumba ameshavifungua. Kwenye ngozi, chumba cha CRP kimefungwa, STAT3 inapita inakwenda kuwasha jeni nyingine za ngozi.

Ushahidi kwa binadamu upo. Wenye hitilafu ya kurithi kwenye HNF1-alfa wanapata aina ya kisukari cha ujanani kinachoitwa MODY3. CRP yao ya kawaida iko chini kuliko ya wagonjwa wa aina nyingine za kisukari, kiasi kwamba imependekezwa itumike kuwachuja wanaostahili kupimwa jeni. Hawana inflamesheni pungufu. Jeni yao ya CRP imekosa mmoja wa wafungua mlango.

Nesi_wa_Zamu

Asante mleta mada. Mimi niko wodini, nina mawili. Mgonjwa anakuja homa imeanza saa tatu zilizopita, anatetemeka, CRP ni 4. Saa kumi na mbili baadaye ni 90. Daktari wa zamu ya kwanza anaonekana hajui kazi. La pili: baada ya upasuaji CRP inakuwa 150 na ndugu wanataka antibayotiki papo hapo. Unawaelezaje?

Maabara_Usiku

Dada, la kwanza: lazima kuwe na ucheleweshaji. Saitokini zitoke, zifike ini, STAT3 iingie kwenye kiini, RNA inakiliwe, protini isukwe (CRP ni vipande vitano vinavyofanana vilivyopangwa duara), itolewe kwenye damu, ndipo ijae kiasi cha kuonekana. Inachukua kama saa 6 kuvuka 5 mg/L, na kilele ni karibu saa 48. CRP ya 4 kwenye saa ya tatu inakwambia ini halijapata muda, basi. Daktari wa kwanza hana kosa. Kosa lingekuwa kumrudisha mgonjwa nyumbani kwa sababu ya hiyo 4.

La pili: kisu ni jeraha. Seli zilizochanika zinatoa ishara zile zile, IL-6 inapanda, STAT3 haina njia ya kujua kama IL-6 imetoka kwa bakteria au kwa mshono. Baada ya upasuaji usio na tatizo CRP inafika kilele siku ya pili au ya tatu kisha inashuka. Kinachotia wasiwasi ni ile inayokataa kushuka, au iliyoshuka ikapanda tena.

Na hapa kuna hesabu ambayo kila mtu wa wodini angeijua. CRP inaondoka kwenye damu kwa kasi ile ile kwa mgonjwa na kwa mzima: nusu yake kila saa 19. Kwa hiyo kinachobadilisha namba ni kasi ya ini kutengeneza, hakuna kingine cha maana. Mgonjwa ana CRP 200. Kama ini lingeacha kabisa kuitengeneza sasa hivi, kesho muda kama huu ungekuta kama 83. Ukikuta 150, jeni imepunguza kasi lakini bado inafanya kazi, mtu bado anapeleka IL-6. Ukikuta 90, kazi imekaribia kusimama. Kushuka kote kuwili ni kushuka, ila havina uzito mmoja.

Mzee_wa_Hoja

Mleta mada umeandika vizuri, ila mnatuchanganya sisi raia. Mimi niliambiwa CRP inatoka kwenye ini, kwa hiyo ikipanda ini linaumwa. Sasa wewe unasema ini liko sawa? Na kama linafanya kazi kubwa hivyo, halichoki?

Maabara_Usiku

Shikamoo mzee wangu.

Vipimo vya ini kuumia ni vingine, mfano ALT. Hiyo ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya seli, seli ikipasuka kinavuja. CRP haivuji, inatengenezwa na kutolewa kwa makusudi. Seli ya ini inayotoa CRP nyingi ni seli iliyo hai na yenye nguvu. Kinyume chake ndicho cha kuogopa: mtu mwenye ini lililoharibika vibaya anaweza kupata maambukizi mazito na CRP yake ikapanda kidogo tu, kwa sababu kiwanda kimebomoka.

Kuhusu kuchoka: ini halifanyi kazi hii kwa kuongeza juu ya zile za zamani. Linapunguza nyingine. Albumini, transferini na transthairetini, protini za damu za kubeba vitu, zote zinashushwa, na imeonekana kwamba saitokini zinapunguza uwezo wa HNF4-alfa kushika DNA, ndiyo maana jeni zilizomtegemea mwenye nyumba zinapwaya.

Nesi_wa_Zamu

Ahaa! Kwa hiyo albumini ikishuka kwa mgonjwa mahututi ni hiyo HNF4? Sisi tunaandika "lishe duni" kila siku.

Maabara_Usiku

Lishe duni kwa mtu aliyelazwa jana na kabla ya hapo alikuwa anakula vizuri? Hapana. Lakini hata jeni haiwezi kubeba lawama yote, na hesabu inaonyesha. Nusu ya albumini inaondoka kwa karibu siku 20. Hata ini likigoma kabisa kutengeneza kwa siku nzima, 40 g/L inashuka hadi 38 na ushee. Mgonjwa wako katoka 40 hadi 28 ndani ya siku mbili? Albumini imevuja nje ya mishipa, maana inflamesheni inazilegeza kuta za mishipa midogo, na dripu ulizomtundikia zimeizimua iliyobaki. Jeni kupunguza kasi inaonekana baadaye, wiki ya pili na kuendelea, albumini inapokataa kurudi juu.

Linganisha na CRP: saa 19 kwa siku 20. Ndiyo maana moja inasoma habari za leo na nyingine habari za mwezi.

Mfamasia_Mstaafu

Nimefurahi kuona mada hii. Niongezee kipande ambacho huko maduka ya dawa hakizungumzwi kabisa, na kimewahi kuwaumiza watu.

Ini likiingia kwenye hali hii, jeni za vimeng'enya vya CYP vinavyovunja dawa nazo zinashushwa. Vipokezi viwili vinavyoziwasha, PXR na CAR, vinapungua, na NF-κB inaingilia kazi ya PXR moja kwa moja. Matokeo: dawa ile ile, kipimo kile kile, lakini inakaa kwenye damu muda mrefu zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 madaktari walianza kuripoti wagonjwa wa pumu waliokuwa kwenye theofilini kwa amani kabisa. Wakapata mafua ya virusi, na ghafla wanatapika, moyo unakwenda mbio. Dawa imejaa kwenye damu bila mtu kuongeza kidonge. Theofilini inavunjwa na CYP1A2. Klozapini, dawa ya magonjwa ya akili, inapita njia hiyo hiyo. Mgonjwa wa klozapini akipata nimonia akaanza kusinzia kupita kiasi, usikimbilie kusema ni homa. Mpigie anayemtibu, kiwango cha dawa kipimwe.

Na kuna upande wa pili ambao ni mtamu zaidi kwa anayependa famasia. Mgonjwa wa baridi yabisi ana IL-6 ya juu miezi na miaka, CYP3A4 yake imekandamizwa muda wote huo, na dawa zake zimepangwa kulingana na hali hiyo. Leo anachomwa tosilizumabu, kingamwili inayoziba kipokezi cha IL-6. STAT3 inatulia, CYP3A4 inaamka. Wiki moja baada ya dozi moja, simvastatini (dawa ya kolesteroli inayovunjwa na CYP3A4) kwenye damu ya wagonjwa waliopimwa ilishuka kwa asilimia 57. Tosilizumabu haijaigusa simvastatini popote. Imegusa jeni za ini.

Kijana_wa_Baiolojia

Mzee wetu wa famasia, hiyo ya 57% nimeipiga screenshot.

Na mimi nichangie ya panya, maana ndiyo ninayosoma. Panya wasio na RelA (ile sehemu ya NF-κB inayofanya kazi kubwa) wanakufa wakiwa bado tumboni, karibu siku ya 15, na kinachowaua ni ini: seli za ini zinajiua kwa wingi. Ukiwaondolea na TNF, wanavuka. Maana yake NF-κB kwenye ini haipo kwa ajili ya kuleta moto tu, inailinda seli isife kwa TNF ile ile inayoiamsha.

Nyingine ni ya 2012: panya walioondolewa RelA na STAT3 kwa pamoja, kwenye seli za ini peke yake. Protini hizi zote za inflamesheni hazikupanda. Walipopewa nimonia ya pneumokoka walikufa zaidi ya wenzao. Ukiondoa moja tu, mwitikio unapungua lakini haufutiki, zinabebana.

Tahadhari kwa wanaosoma makala za panya: CRP ya panya haipandi kihivyo. Kwao kazi hiyo inafanywa na protini nyingine za ini, SAP na SAA. Ukiona mtu anakwambia amepima CRP ya panya na anatoa hitimisho la moyo wa binadamu, muulize maswali.

Viungo_Vyangu

Samahani kwa kuingilia, mimi ni mgonjwa wa lupasi, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe. Viungo vikiwaka, ESR inapanda vizuri lakini CRP yangu inakuwa 3 au 5. Nimeshaambiwa nazidisha maumivu. Hii mada inaweza kunisaidia?

Maabara_Usiku

Pole sana dada. Ndiyo, inakusaidia, na huzidishi.

Kwenye lupasi kuna saitokini nyingine inayotamba, interferoni-alfa. Majaribio kwenye seli za ini yameonyesha interferoni-alfa inaizuia jeni ya CRP hata IL-6 ikiwepo. Kwa hiyo ini lako linapokea amri mbili zinazopingana, na CRP inabaki chini huku fibrinojeni na kingamwili zikiisukuma ESR juu. Ndilo jambo la kawaida kwa lupasi, daktari wa magonjwa ya viungo hatashangaa akiona.

Lakini lichukue na la pili: CRP ikiruka juu sana kwako, tuseme ikavuka 50 au 100, hapo kuna kitu kingine. Maambukizi ya bakteria ndiyo ya kwanza kutafutwa, au utando wa mapafu au wa moyo umewaka. Usiisubirie nyumbani.

Viungo_Vyangu

Asante. Nimeinakili, nitaenda nayo kliniki.

Mama_Watatu

Na damu kuwa chini je? Mwanangu ana ugonjwa wa viungo wa muda mrefu. Alipewa vidonge vya madini ya chuma mpaka tumbo likamsumbua na damu haikupanda. Nimesikia eti ni ini pia. Ini tena?

Maabara_Usiku

Ini tena, mama.

Kuna homoni ndogo ya ini, hepsidini, asidi amino 25 tu. STAT3 inakaa jirani kabisa na mwanzo wa jeni yake na kuiwasha. Hepsidini inazunguka kwenye damu inatafuta feroportini, mlango ambao chuma hutokea kutoka kwenye seli. Ikiushika, seli inaumeza mlango wake na kuuharibu. Chuma kinabaki kimefungiwa kwenye seli za utumbo na kwenye makrofaji, uboho unakosa cha kutengenezea damu. Mwaka 2004 watu wa kujitolea walitiwa IL-6 mshipani: ndani ya saa 2 baada ya kumaliza kutiwa, hepsidini kwenye mkojo ilipanda zaidi ya mara 7 na chuma cha kwenye damu kikashuka kwa theluthi moja. Saa chache tu.

Kwa bakteria wanaohitaji chuma hiyo ni njaa, kwa hiyo kwa siku chache mpango una maana. Ugonjwa ukikaa miaka, mtoto ndiye anayelipa. Kidonge kinafika utumboni kinakuta mlango umefungwa.

Cha kumuuliza daktari: je, feritini, chuma, transferini na CRP vilipimwa siku moja? Feritini, protini inayohifadhi chuma, nayo inapanda kwenye inflamesheni, inaweza kuonekana "nzuri" wakati chuma kweli kimepungua. Baadhi ya watoto wana matatizo yote mawili kwa pamoja, na wengine wanapewa chuma cha mshipani. Ila dawa kuu ni kuutuliza ugonjwa wenyewe, hepsidini ikishuka mlango unafunguka. Usimwachishe wala kumwongezea vidonge kwa sababu ya uzi huu, tafadhali.

Mzee_wa_Hoja

Sawa, nimeanza kuelewa. Sasa nawabana. Kijana wa baiolojia kaniambia pembeni kwamba kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe, inaisaidia STAT3 kuwasha hizi jeni. Mimi najua mtu akipewa steroidi CRP inashuka. Nani mwongo?

Maabara_Usiku

Hahaha, mzee unapenda kesi. Hakuna mwongo.

Kwenye sahani ya maabara, ukiwa na seli za ini peke yake, ukimimina IL-6 unapata CRP kiasi. Ukiongeza deksamethasoni, dawa ya steroidi, juu yake unapata zaidi, maana kipokezi cha kotisoli nacho kinaingia kwenye kiini na kushirikiana na STAT3 na C/EBP-beta. Sahani ina seli za ini tu. Mgonjwa ana na makrofaji, na steroidi inazinyamazisha makrofaji zisitoe IL-6 yenyewe. Ini liko tayari kabisa kuitikia, ila hakuna anayeita.

Ndiyo sababu daktari makini, mgonjwa akiwa kwenye steroidi, hasherehekei haraka CRP ikishuka. Inawezekana bakteria bado wapo na ni mjumbe tu aliyezibwa mdomo.

Nesi_wa_Zamu

Hapo umenigusa. Tuna mgonjwa yuko kwenye ile sindano aliyoitaja mzee wa famasia, tosilizumabu. Kaja anasema kifua kinauma, joto 37.6, CRP 0.3. Mwenzangu anasema "hana kitu, CRP hiyo hata mimi sina". Mimi sijatulia.

Mfamasia_Mstaafu

Usitulie binti yangu. Ngoja mleta mada aseme, ila mimi ningeshapiga simu.

Maabara_Usiku

Dada, kipokezi cha IL-6 kimezibwa. Hata pafu zima lijae usaha, STAT3 kwenye ini haipati ishara, jeni ya CRP haiwashwi. Watu wazima wenye afya, katikati yao ni kama 0.8, kwa hiyo 0.3 hiyo inathibitisha dawa inafanya kazi na haisemi lolote kuhusu kifua. Joto nalo linaweza kufifishwa kwa sababu IL-6 inahusika kwenye homa, hivyo 37.6 kwake usiichukulie kama 37.6 ya mtu mwingine.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima, pima oksijeni, sikiliza kifua, omba picha, na damu ya kuotesha itolewe kabla ya antibayotiki. Kwenye fomu ya maombi andika jina la dawa na tarehe ya sindano ya mwisho, maana sisi wa maabara tukiona 0.3 bila maelezo tunairudisha bila hata kupepesa.

Nesi_wa_Zamu

Nimempigia daktari, picha inapigwa sasa hivi. Pumzi 28.

Mfamasia_Mstaafu

28 si ya kukaa naye kwenye benchi. Na mwambieni daktari aiahirishe sindano inayofuata mpaka hili liishe.